Sanduku la madaftari ya shamba la mkonge: mjomba anataka kuchoma, mgeni wa Ayalandi kanikataza. Nifanyeje?

BintiMuheza

Wakuu habari za mchana, poleni na joto. Naenda moja kwa moja mana ikifika jumamosi nitakuwa nimechelewa.

Babu yangu mzaa mama alikuwa karani wa shamba la mkonge upande wa Muheza, kaanza enzi za mkoloni kaja kutoka baada ya kutaifishwa 1967. Yeye alishatangulia zamani, bibi nae mwaka jana, sasa nyumba ya Ngamiani hapa Tanga mjini inaezuliwa ipigwe bati jipya wapangishe, ndo kwenye chumba cha uani limekutwa sanduku la bati chini ya magunia. Nkadhani nguo. Kumbe madaftari, marefu kuliko mkono wangu, mgongo wa ngozi umeliwa na mende, ukifungua unaona safu zimechorwa kwa rula: namba, jina, kabila, alikotoka, siku za kazi, posho, pesa, alafu pembeni kabisa kidole gumba cha wino wa zambarau. Kuna kurasa ni vidole tu juu mpaka chini. Nimesogeza moja dirishani, mistari ya kidole inaonekana kabisa, na kimoja kina kovu limekikata katikati, nadhani ni panga au mwiba wa mkonge, sijui.

Sasa mimi natembeza wageni, Amboni mapangoni, boma la Mjerumani, na kadhalika. Wiki ilopita nilikuwa na mzee wa Ayalandi, mjomba wake alikuwa padri huku, wale wa shirika la Kikatoliki la Warosmini walioingia Tanga 1945, amekuja kuona kaburi. Nkamwonyesha picha za daftari kwenye simu kama stori tu. Akanyamaza muda mrefu, mwishowe akasema kwao watu wanasafiri kutoka Marekani na Australia kuja kutafuta karatasi kama hizi na wengi hawapati. Akaelezea habari za makabaila na moto na Dublin, kingereza chake kile nimeambulia nusu.

Maswali mawili. Alimaanisha nini? Na sanduku nilifanyeje, mana mjomba anasema linaleta mchwa, jumamosi linachomwa pamoja na makuti.

Kobe_wa_Pangani

Mzungu akinyamaza ujue bei imepanda. Mtafute huyo mzee dada, asiondoke 😂

Mkonge_Damu

Mimi nitasema usilopenda. Choma. Hayo ni madaftari ya unyonyaji, ndani yake kuna jasho la watu waliobebwa kwenye malori toka Songea, Njombe, Kigoma, mpaka Msumbiji na Burundi, wakavishwa namba wakaitwa manamba, unataka tuyatunze ili iweje? Babu yangu alikuwa mmoja wao. Kipande, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, siku zisipotimia thelathini hupati kitu. Aliyeandika humo kaandika anachotaka bwana mkubwa, na samahani dada, babu yako ndo alikuwa ameshika kalamu.

BintiMuheza

Hapo mwisho umenichoma kweli kaka ila siwezi kubisha, ni mwandiko wake.

Mtunza_Nyaraka

Dada usichome kitu. Mwambie mjomba kuna mtu anakuja, danganya kidogo.

Nimefanya kazi ya kumbukumbu na nyaraka miaka mingi na Mungu alinijalia kwenda Dublin kwa kozi ya miezi michache, kwaiyo najua huyo mzee alikuwa anataka kusema nini. Nitaandika ndefu, asiyetaka aruke.

Ayalandi kwa karne kadhaa ardhi karibu yote ilikuwa ya makabaila, wengi wenye asili ya Uingereza, na wakulima wenyeji ni wapangaji kwenye vishamba vya baba zao. Kila kabaila ana jumba lake la mawe, wenyewe waliliita Nyumba Kubwa (msianze utani wa nyumba ndogo hapa), na ndani ya jumba au pembeni kuna ofisi, ofisini kuna msimamizi na makarani. Makarani wanaandika. Daftari la kodi, jina la mpangaji, kitongoji chake, eka zake, anadaiwa ngapi, amelipa ngapi, deni la nyuma. Mikataba. Ramani zilizopakwa rangi kwa mkono. Barua za watu wanaoomba wapunguziwe. Kulikuwa na mikataba inayodumu kwa uhai wa watu watatu waliotajwa majina, yani shamba ni lako mpaka wa mwisho kati ya hao watatu afe, kwaiyo watu wajanja walikuwa wanaandikisha mtoto mdogo mwenye afya, na leo mtafiti akisoma mkataba anapata jina la mtoto na pengine umri wake bure.

Sasa moto. Ofisi kuu ya kumbukumbu za taifa ilikuwa kwenye majengo ya mahakama yanaitwa Four Courts pale Dublin, ilikuwa na karatasi za tangu karne ya 13. Juni 30, 1922, vita ya wenyewe kwa wenyewe ikiwa ndo kwanza imeanza, pakalipuka. Karatasi ziliruka zikawa zinadondoka mitaani zimeungua pembeni. Sensa za 1821 mpaka 1851 karibu zote zikaenda hapo. Na msidhani za baadae zilipona, ya 1861 na 1871 serikali ilishaziharibu yenyewe zamani, na za 1881 na 1891 zikasagwa kuwa malighafi ya karatasi wakati wa vita ya kwanza ya dunia. Soma tena hiyo, serikali ilisaga sensa ili ipate karatasi. Sensa kamili za zamani zilizobaki ni ya 1901 na ya 1911, hizo zipo kwenye mtandao bure unaingia hata na simu ya elfu tisini.

Katikati hapo kuna njaa kuu ya viazi, 1845 mpaka 1852, watu kama milioni moja wakafa na wengine kama milioni wakapanda meli. Wajukuu wa hao waliopanda meli ndo wanaorudi leo wanauliza babu alitoka kijiji gani. Sensa imeungua. Unabaki na nini? Na daftari la karani wa kabaila. Lile lile lililoandikwa ili kumkamua babu yao.

Ndo mana alinyamaza.

Mkonge_Damu

Mtunza heshima yako, umeandika vizuri, ila nimesoma mahali kwamba hao hao wa Ayalandi walipopata nafasi walichoma hayo majumba. Kwaiyo wao walichoma sisi tutunze? Mbona hatuwalaumu?

Mtunza_Nyaraka

Walichoma kweli, kati ya 1920 na 1923, majumba kwa mamia, na sitakaa hapa Tanga nimlaumu mtu ambaye bibi yake alitupwa nje na mlango ukapigiliwa misumari. Jumba likiungua na ofisi ya kodi inaungua, na wengine walifurahi kwamba deni limeungua pia. Lakini angalia majumba yaliyopona. Kuna jumba linaitwa Strokestown Park, mkoa wa Roscommon. Mwenye shamba, Denis Mahon, 1847 njaa ikiwa imepamba moto aliona kulisha wapangaji ni ghali kuliko kuwasafirisha, akawapakia kama 1,490 kwenye meli waende Quebec, wengi wakafia njiani. Novemba mwaka huo huo akapigwa risasi akiwa kwenye gari lake la farasi.

Ukoo ukaendelea kukaa pale mpaka 1979 wakaliuza. Mnunuzi ni mwenyeji wa pale pale, mtu wa biashara ya malori, shida yake ilikuwa eneo la kupanulia gereji tu. Akaingia ofisi ya zamani ya shamba akakuta karatasi. Mojawapo ni barua ya 1846 ya wakulima wa kitongoji cha Cloonahee wanamwambia kabaila kwamba wana njaa, wanaomba kazi ili walishe watoto. Fikiria ni mtu wa magreda na malori, ameshika barua ya majirani zake waliokufa miaka mia na thelathini nyuma. Angeweza kuwasha moto achemshie chai. Karatasi zilikuja kuhesabiwa zaidi ya 50,000, na mwaka 1994 likafunguliwa jumba la makumbusho ya njaa pale pale kwa kabaila.

Kwaiyo ndugu yangu Mkonge, ile barua iliyowashitaki makabaila ilitunzwa ofisini kwa kabaila. Hakuna nakala nyingine, wakulima hawakuwa na kabati.

Kobe_wa_Pangani

Jamaa kaenda kununua gereji karudi na makumbusho. Haya nafuta komenti yangu ya kuuza. Sifuti kabisa lakini.

Fundi_Chumbageni

Naomba niingilie kwa upande wa majengo. Mimi ni fundi ujenzi, hapa mjini tunakarabati nyumba za zamani, kuanzia za Mjerumani mpaka zile za Wahindi zenye roshani za mbao na tarehe imechongwa juu ya mlango. Mwenye nyumba anataka turudishe kama ilivyokuwa, ukimwuliza ramani anacheka. Nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali kupitia Msajili wa Majumba 1971, ile sheria ya nyumba za kuanzia laki moja, wenye nyumba wengine wakaondoka na makaratasi, mengine yakabaki ofisini, mengine ndo hivyo. Kuna siku nimenunua bagia, nafungua, nimefungiwa kwenye mchoro wa mfumo wa maji machafu wa jengo la serikali (silitaji), umelowa mafuta, namba ya kiwanja inasomeka. Nilirudi kwa yule mama nikamwuliza una nyingine, akasema zimeisha, mwanangu njoo kesho nitakuwa na magazeti.

Alafu kosa langu mwenyewe. Niliwahi kupewa hati ya zamani ya mzee mmoja, imechanika kwenye mikunjo, nikajifanya mjuzi nkaibandika selotepu kote alafu nkaipeleka lamineshen. Miaka minne selotepu imegeuka rangi ya chai na wino umehamia kwenye plastiki. Mzee hajawahi kunisema lakini kila nikipita kwake natazama chini.

Swali kwa Mtunza, hao wenzetu kwenye majengo wanafanyaje?

Mtunza_Nyaraka

Pole fundi, hiyo selotepu imeua nyaraka nyingi kuliko mchwa.

Majengo wana sehemu yake. Kuna hifadhi ya usanifu majengo ilianzishwa 1976, ipo Merrion Square Dublin, kazi yake ni kukusanya michoro na picha za majengo ya nchi nzima, hata jumba lishabomoka unalikuta kwenye picha. Serikali nayo ina orodha ya majengo ya urithi, kila jengo na maelezo yake na picha. Na jambo ambalo wengi hawalitarajii ni minada. Baada ya njaa makabaila wengi walifilisika, kodi haikusanyiki, serikali ikatunga sheria 1849 ya kuuza mashamba yenye madeni mahakamani. Kila shamba likitaka kuuzwa kinachapwa kijitabu cha mnunuzi, kina ramani, majina ya wapangaji wote na kodi zao, na vingine vina mchoro wa jumba lenyewe limependezeshwa, yani dalali ni dalali tu hata 1850. Leo hivyo vijitabu ni dhahabu.

Na njia yao ya kutafuta ni nzuri, tungeweza kuiiga. Unaanza na jina la babu na kitongoji. Unaingia kwenye kitabu cha tathmini ya ardhi cha Griffith, kilitoka kati ya 1847 na 1864, hapo utakuta jina lake na pembeni yake jina la aliyemkodisha. Hilo la pili ndo ufunguo. Unamshika kabaila unauliza makaratasi ya ukoo wake yako wapi, mana hayako sehemu moja, mengine Maktaba ya Taifa Dublin, mengine Belfast, mengine maktaba ya mkoa, mengine yalihamia Uingereza na ukoo, na mengine bado yako darini kwa mtu. Chuo Kikuu cha Galway wamekaa wakatengeneza daftari la mtandaoni la mashamba ya makabaila wa majimbo ya Connacht na Munster, unaandika jina la ukoo au la jumba, linakwambia walimiliki wapi na karatasi zao zinapatikana wapi. Karatasi zenyewe hawana, wanakuelekeza tu, na hilo peke yake limewaokolea watu miaka ya kuzunguka.

Sasa fikiria tungekuwa na hiyo ya mkonge. Mkonge umeingia kwetu 1893, Mjerumani mmoja, Hindorf, kaleta miche toka Florida ikapona 62 tu, ikapandwa Kikogwe huko Pangani. Mashamba ya Wajerumani yakachukuliwa baada ya vita na kuuzwa kama mali ya adui, yakaenda kwa Wagiriki, Waingereza, Wahindi, Waswisi, alafu 1967 serikali, alafu yakabinafsishwa. Kila shamba likibadili mwenyewe makaratasi yanabadili chumba. Mafaili ya Mjerumani angalau yako Nyaraka za Taifa Dar na UNESCO waliyaweka kwenye orodha ya kumbukumbu ya dunia 1997. Lakini daftari la posho la kambini nani alilipeleka Dar?

Karani_Mstaafu

Salaam aleikum vijana. Nami nilikuwa karani mashambani, miaka ya sabini lakini. Binti, hilo daftari lenye vidole linaitwa la malipo, ila tafuta ndani ya sanduku daftari jembamba, huwa na jalada la kitambaa, hilo ni la kuandikisha. Mtu akishuka kwenye lori anaandikwa humo kwanza, jina la baba yake, jumbe wake au chifu wake, na kijiji. Wale walioletwa na SILABU, ile ofisi ya kuajiri ya wenye mashamba tangu 1944, walikuja na karatasi zao kabisa. La malipo linakupa pesa tu. La kuandikisha ndo linakupa ukoo.

Na kijana Mkonge_Damu, umesema kweli kuhusu kalamu. Nami niliandika niliyoambiwa, siku mtu akiumwa naandika hakuja. Lakini kuna mambo tuliyaandika pembeni kwa penseli ambayo meneja hakuyasoma kwa sababu Kiswahili cha mkato hakukijua. Binti aangalie pembezoni.

BintiMuheza

Shikamoo mzee, asante sana. Nimekimbia uani kuangalia. Daftari la kitambaa LIPO, mawili. Na penseli ipo! Mahali pamoja mbele ya jina pameandikwa "mke kajifungua, siku 2", kwenye safu ya wino imeandikwa hakuja. Wallahi nimekaa chini sakafuni.

Mtunza nifanyeje sasa, kurasa zingine zimegandana kwa unyevu.

Mtunza_Nyaraka

Zilizogandana usizibandue. Kama bado zina unyevu funga daftari zima kwenye nailoni safi ulitie kwenye friza, sio friza ya samaki tafadhali, litakaa hapo salama mpaka apatikane mtu wa kulifungua taratibu, na wadudu nao wanakufa humo. Kavu zote zitoe kwenye bati, bati linatoa jasho. Tafuta maboksi makavu, yasikae chini, weka juu ya mbao mbali na ukuta. Usianike juani hata dakika kumi, ule wino wa zambarau unakunywa jua mpaka upotee. Maji je? Tone moja unaosha kidole cha mtu.

Pini zenye kutu toa polepole. Usipange upya! Hata kama unaona daftari la 1958 liko chini ya la 1949, kwanza andika lilivyokaa, mana mpangilio wa karani nao ni habari. Alafu piga picha kwa simu ukurasa kwa ukurasa, mchana, karibu na dirisha bila flashi, kuanzia jalada. Ukimaliza ndo muongee kama familia yaende wapi, iwe Nyaraka za Taifa au makumbusho pale kwenye boma, na mkitoa muandikishiane, jina la babu yako likae kwenye karatasi ya makabidhiano. Picha bakini nazo.

Na mtandaoni usiweke hovyo. Humo kuna madeni na magonjwa ya watu ambao wajukuu zao wapo Muheza hadi leo.

Kobe_wa_Pangani

Friza kwangu ipo, ni ya barafu na juisi ya ukwaju tu, haina samaki. Dada nitumie meseji.

BintiMuheza

Mrejesho. Mjomba kaja na kiberiti kweli. Nimemwonyesha ukurasa wa penseli, kasoma, kauliza huu si mwandiko wa baba? kakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akawa anafungua mwenyewe, mpaka makuti yamenyeshewa. Ila kasema maboksi nilipe mimi.

Kobe asante kwa friza, daftari mbili zimo pembeni ya ukwaju.

Mkonge_Damu

Sawa dada.

Kama una nafasi, sio leo. Babu aliingia 1952 au 53, lori la Songea. Jina la nyumbani sina uhakika kama ndo walilomwandika, mana kambini walimwita Tabu. Namba yake bibi alikuwa anaijua kwa kichwa ila hakuna aliyeiandika. Alikuwa na kovu kidole gumba cha kushoto.

BintiMuheza

Kaka, vidole humu sijui ni vya kushoto au kulia. Karani_Mstaafu, mlikuwa mnachukua kipi?

Karani_Mstaafu

Kushoto.